Umeme ukikatika, magemu yote yanapigwa kufuli

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Tabata. Asubuhi nauza chapati na maandazi, jioni nashona. Kijana wangu alipofanya mtihani wa darasa la saba nilimwahidi zawadi akifaulu, na akafaulu. Hakutaka baiskeli wala simu, alitaka PS, yaani PlayStation, ile mashine ya kuchezea gemu kwenye TV. Nikasema sawa, maana kuna kibanda cha gemu mtaa wa nyuma ambacho kimeshakula hela yangu ya sukari kwa mia tano mia tano bila mimi kujua. Bora acheze sebuleni nimwone.

Zamu yangu ya upatu ilipofika nikaenda Kariakoo na 620,000. Nikauziwa PS4 ile nene, imetumika, pedi mbili, na ndani yake magemu 22. Muuzaji kijana mchangamfu, ananiita mama mkwe. Aliiwasha, akanifungulia gemu la mpira na la magari, nikaona yanacheza. Akanipa masharti. Nisiiunganishe na WiFi hata siku moja. Nisiizime kabisa, niilaze tu, taa ibaki rangi ya chungwa. Nilipouliza CD ziko wapi akacheka, akasema CD ni mambo ya zamani. Nilipouliza risiti akaniandikia namba yake ya simu nyuma ya kadi.

Tulikaa nayo kwa raha siku nne. Usiku wa siku ya tano umeme ukakatika. Uliporudi tukaiwasha, magemu yote 22 yana alama ya kufuli. Ukibonyeza, halifunguki hata moja. Kijana wangu mwenye miaka 13 alilia kama mtoto wa miaka mitatu. Nikapiga simu, nikaambiwa niilete. Akachomeka flashi, dakika tano, kufuli zikatoka. Akanidai 10,000 ya ufundi. Shangazi, nimeshaenda mara saba. Mara saba kwa 10,000, bodaboda sijahesabu. Mara ya nane nilikuta duka linauza mabegi, na simu haipokelewi. Nimepata fundi mwingine huku Tabata, naye akafanya vilevile na flashi yake, akachukua 10,000.

Tena siku hizi inavuma kama mashine ya kusaga, wakati naitunza vizuri tu. Iko ndani ya kabati la TV la vioo, na juu nimeifunika kitambaa cha kufuma isiingie vumbi.

Halafu kuna baba watoto. Alipouliza bei nilimwambia 400,000. Kila nikinunua LUKU ananiambia nimemletea kibanda ndani ya nyumba. Lakini watoto wakishalala namsikia sebuleni anasema "goooli" kwa sauti ya chini.

Sasa jirani yetu wa nyumba ya tatu ameiona, anaitaka kwa ajili ya wanawe, anatoa 500,000. Anakuja Jumamosi. Leo ninavyoandika iko vizuri, magemu yote yanafunguka. Mdogo wangu ananiambia niuze nikae kimya, mbona na mimi niliuziwa hivyohivyo. Mpwa wangu anasema nisiuze, niiunganishe tu na intaneti, itajirekebisha yenyewe. Nimsikilize nani?

Mama wa wawili, Tabata


Marahaba mwanangu, na hongera ya kijana.

Nianze na jirani, maana Jumamosi haingoji. Usimuuzie kimya. Sikuhubirii, piga picha tu. Umemuuzia Jumamosi, Jumanne umeme umekatika, Jumatano asubuhi anagonga kwako na watoto wawili wamevimba macho. Yule wa Kariakoo alihama duka. Wewe utahamia wapi, na chapati zako anazila kila siku? Ukitaka kuuza, uza, ila mwambie yote uliyoniandikia mimi, na usitaje 500,000. Na kabla hujaamua, ujue kwanza ulichonacho, maana naona hakuna aliyekueleza.

Wasomaji wapya hawajui kwamba Shangazi huyu alishaishi kwa hela ya gemu. Nilikuwa na PS2 nne katika chumba cha uani, Magomeni, mechi moja shilingi 200, aliyefungwa ananyanyuka. Ada ya sekondari ya binti yangu ilitoka kwenye kopo la maziwa lililokuwa chini ya kile kiti changu. Kwa hiyo niliposoma "usiizime kabisa, ilaze tu", nilicheka peke yangu mpaka mjukuu akaja kuangalia kulikoni.

Mashine yako imehakiwa, yaani ulinzi wake umedukuliwa ili icheze magemu ya kunakili. Zile PS2 zangu zilikuwa zimechipiwa, na hiyo ni kazi nyingine. Fundi alikuwa anafungua mashine, anachomelea kichipu kwenye bodi kwa nyaya nyembamba kama uzi wa cherehani, na tangu siku hiyo inasoma CD za kuchoma. Umeme ukatike mara kumi kwa siku, chipu iko palepale. Kwenye PS4 hakuna kilichochomelewa. Fundi anatafuta mashine yenye programu ya toleo la nyuma ambalo upenyo wake unajulikana, anapenyeza kijiprogramu, nacho kinakaa kwenye ile memori ya muda inayofutika mashine ikizimwa. Kikiwemo, mashine inakubali magemu yaliyonakiliwa. Kikitoka, inayakagua, inaona hayana leseni, inayapiga kufuli. Ndiyo siri ya taa ya chungwa: mashine iliyolala haijazimika, memori yake bado inapata umeme, kwa hiyo kijiprogramu kinabaki. Ukikatika umeme, kimekwenda. Mashine yako haikuharibika hata mara moja kati ya hizo nane, mwanangu. Ulikuwa unalipa 10,000 kwa dakika tano za kurudisha kitu kilekile.

Na kuilaza kila siku huku umeme wetu unajulikana si utunzaji. Diski ya ndani inaumia mashine inapokatiwa umeme ikiwa imelala. Ndiyo maana ukiiwasha baada ya hapo inakulalamikia na kuanza kujikagua.

Hilo la WiFi, yule kijana hakukudanganya, ila alikueleza nusu. Ikiingia intaneti itataka kusasishwa, na toleo jipya linaziba ule upenyo. Tena mashine iliyohakiwa ikionekana kwenye mtandao wa PlayStation inaweza kufungiwa, na inayofungiwa ni mashine yenyewe, usidhani ukibadili akaunti umepona. Kwa hiyo mpwa wako kakosea nusu. Ikisasishwa, magemu yote 22 yatabaki na kufuli moja kwa moja. Hayatafunguliwa na flashi ya mtu, labda siku wajuzi wapate upenyo mwingine. Lakini mashine yenyewe itarudi kuwa mashine ya kawaida, na hapo mpwa kapatia bila kujua.

Sasa hesabu. Ulilipa 620,000, ukaongeza 80,000 za kufungua kufuli. Jumla 700,000 kabla ya bodaboda. Ulichonacho mkononi ni PS4 nene iliyotumika, pedi mbili na nyaya. Yale magemu 22 usiyahesabu, ni nakala za wizi, na mimi niliyejenga maisha kwa CD za kuchoma sina uso wa kukusema. Ninachosema ni kwamba huwezi kumuuzia jirani kitu ambacho hata wewe hujawahi kukimiliki. Ulizia maduka mawili matatu PS4 tupu ya aina yako, isiyo na gemu hata moja, inauzwaje. Hiyo ndiyo bei ya kumtajia. Naye akija Jumamosi mwonyeshe kwa vitendo: izime kabisa, chomoa waya ukutani, hesabu mpaka 30, chomeka, washa, fungua gemu. Zitakuja kufuli mbele ya macho yake. Jaribio hilohilo ungelifanya Kariakoo ungerudi na hela yako, na yeyote anayesoma hapa akiwa na safari ya kununua PS4 iliyotumika, alifanye kabla hajatoa hata shilingi. Muuzaji akianza kusema "haina haja kuizima, mama mkwe", ondoka.

Kumshitaki yule kijana? Tume ya Ushindani ndiyo inayopokea malalamiko ya walaji, lakini bila risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, na duka limeshageuka la mabegi, utazunguka sana. Namba nyuma ya kadi si ushahidi wa kutosha.

Ungeniuliza mimi ningefanya nini, nisingeuza. Ningeisasisha iwe safi, kisha ningenunua CD halisi mbili za kuanzia. Najua umeambiwa CD ni za zamani. Anayesema hivyo ana intaneti ya waya nyumbani, ama anakuuzia magemu ya flashi. Sisi wa kununua bando, gemu la GB 40 au 50 ni mtihani. CD unaiweka kwenye mdomo wa mashine, mashine inanakili gemu kwenye diski, na CD inabaki mle ndani kama uthibitisho kuwa ni yako. Kijana akilichoka anabadilishana na mwenzake au analiuza. Gemu la kupakua haliuziki wala haliazimwi jirani. Na CD za PS4 haziozi ukija kupanda daraja, kwa sababu PS5 yenye mdomo wa CD inasoma karibu zote. Chunga tu siku hiyo usiuziwe ile PS5 ya Digital Edition, haiji na mdomo, na bila mdomo hutaweka CD wala kuazima. Kinyume chake hakipo. CD ya PS5 haiingii kwenye PS4 yako, kwa hiyo angalia kasha. La PS4 lina utepe wa bluu juu, la PS5 utepe mweupe.

Kwa mpira, usikimbilie la mwaka huu. Gemu hilo hutoka kila mwaka, na likitoka jipya la mwaka jana linaporomoka bei kama nyanya za jioni. Mpaka toleo la FIFA 23 liliitwa FIFA, kuanzia 2023 likawa EA Sports FC, lakini ni ukoo uleule. Kijana atanung'unika kwamba mchezaji fulani ameshahama timu. Mwache anung'unike. Wawili kukaa kwenye kochi na pedi mbili hakuhitaji intaneti wala malipo ya mwezi, na ndivyo nilivyopata wateja miaka yote ile.

Akitaka kucheza na watu wa mbali, hapo mambo yanaongezeka, na nitayapitia haraka. Utafungua akaunti. Katika orodha ya nchi za mtandao wa PlayStation Tanzania haimo, kwa hiyo wengi huku huchagua Afrika Kusini, Uingereza au Marekani. Fikiri kabla hujabonyeza, maana nchi ya akaunti haibadilishwi baadaye, na kadi za kuongezea salio lazima ziwe za nchi hiyohiyo. Kadi ya Marekani kwenye akaunti ya Uingereza ni karatasi. Akaunti iwe yako mtu mzima, ya mtoto iwe chini yako kwa umri wake wa kweli, upate kumwekea saa na kumzuia kununua. Magemu mengi ya kulipia yanadai PS Plus, uanachama wa kulipia wa PlayStation, ndipo ucheze mtandaoni. Ya bure kama eFootball na Fortnite hayadai, ila bando yanakula. Na uwe tayari kwa jambo moja: kama mashine iliwahi kuingia mtandaoni ikiwa imehakiwa kabla ya kukufikia, huenda imeshafungiwa. Ikiwa hivyo, CD zitacheza kama kawaida, mtandao ndio hutaupata. Ni sababu nyingine ya kuanza na CD mbili tu.

Haya, huo mvumo. Mwanangu, kabati la vioo na kitambaa cha kufuma! Hiyo mashine inavuta hewa baridi na kutoa ya moto kwa nyuma. Umeifungia chumbani ukaivika shela. Feni inapiga kelele kwa sababu inakosa pumzi. Itoe nje ya kabati, iwe na nafasi ya shubiri moja nyuma na pembeni, kitambaa kirudi kwenye friji kinakopendeza. Mpelekee fundi mara moja aifungue, apulize vumbi, abadilishe ile grisi ya juu ya chipu ambayo kwa mashine ya umri huo itakuwa imekauka. Mwambie aangalie na mende. Usicheke. Mende wanapenda joto na giza, na PS4 nene ina vyote viwili. Mimi niliwahi kufungua PS2 nikakuta ukoo mzima na mayai juu ya bodi. Na umzuie kijana kuchomoachomoa waya wa HDMI, ule unaokwenda kwenye TV. Tundu lake likilegea kulichomelea upya ni hela. Umeme ukikatika, zima swichi ya ukutani mpaka utulie, au tumia gadi ya TV, ile inayosubiri dakika chache kabla ya kuruhusu umeme upite.

Baba watoto na LUKU yake ana hoja, ila ni ndogo kuliko anavyoisema. PS4 nene gemu likiwa linachezwa inakula kama wati 140. TV yako tuseme 60. Jumla 200, yaani saa tano ndiyo yuniti moja. Watoto saa tatu, yeye na magoli yake ya usiku saa mbili, imetimia yuniti moja kwa siku, 30 kwa mwezi. Kwa bei ya kawaida ya nyumbani, shilingi 292 kwa yuniti kabla ya kodi na tozo, haifiki 11,000. Isipokuwa kama mko kwenye lile kundi la bei ya chini la D1, la shilingi 100 kwa yuniti kwa wasiozidi yuniti 75 kwa mwezi. Hapo hizo 30 zinaweza kuwavusha mstari, na bei ikapanda. Angalia risiti yako ya LUKU ujue mko wapi kabla hujabishana naye.

Na ile bei, mwambie. Kama si leo, kabla ya Jumamosi, kwa sababu jirani akija kutaja 500,000 mbele yake, baba watoto ataona mnapata faida ya 100,000 na atakushangaa kwa nini unakataa. Mwambie ni 620,000 za upatu wako, na kwamba 80,000 nyingine zimekwenda kwenye kufuli. Atapandisha sauti kidogo. Halafu mwambie uamuzi ni kuuza kwa hasara au kununua CD mbili mkae nayo, na yeye achague CD ya pili. Mtu anayeshangilia goli kwa kunong'ona saa sita usiku, sidhani kama atachagua kuuza.

Kijana naye aambiwe mapema, asikute kufuli kama mara ya kwanza. Kusasisha hakufuti alichokihifadhi kwenye diski, ila yale magemu hayatafunguka tena. Mpeni jioni moja ya mwisho acheze mpaka achoke.

Kusasisha huhitaji fundi wa 10,000. Mpwa wako atafute kompyuta, apakue faili la programu ya PS4 kwenye tovuti ya PlayStation yenyewe, si kwingine. Haifiki GB moja. Kwenye flashi tupu atengeneze folda iitwayo PS4, ndani yake folda nyingine UPDATE, na humo aliweke faili kwa jina la PS4UPDATE.PUP. Chomeka kwenye mashine, ingia Settings, chagua System Software Update, ufuate inavyokwambia, na fanyeni saa ambayo umeme huwa umetulia. Hayo majina yote yawe kwa herufi kubwa. Ukiandika ndogo mashine italitafuta faili isilione, na utasema Shangazi amekudanganya.